Nilijibu swali la Martin Luther King nikafaulu, kumbe sikujua kitu

Mwaka 2019 nilikaa mbele ya afisa wa uhamiaji kufanya mtihani wa uraia wa Marekani. Wakati ule walikuwa wanakupa maswali 100 ukayasome nyumbani, siku ya siku unaulizwa mpaka 10, ukipata 6 umepita. Moja ya niliyoulizwa mimi ni Martin Luther King alifanya nini. Nikajibu kama kasuku, alipigania haki za kiraia na usawa kwa Wamarekani wote, yule mama akatiki tukaenda swali lingine. Nimetoka pale na kibendera mkononi, picha zikaruka kwenye grupu la familia. Na hapo nilikuwa naishi Montgomery, Alabama mwaka wa tatu, dakika kumi tu kwa gari kutoka kwenye kanisa alilokuwa anachunga huyo huyo King, na sikuwahi hata kupunguza mwendo nikalitazama.

Aliyenitoa tongotongo ni abiria wangu.

Naendesha hizi vani za kupeleka wagonjwa kliniki, sio ambulensi, ni za wale wasio na usafiri au wasioweza kuendesha wenyewe. Kuanzia 2021 nikapangiwa bibi mmoja wa kusafisha damu, Jumatatu Jumatano na Ijumaa, namchukua saa kumi na moja alfajiri, anakaa kwenye mashine kama masaa manne, namrudisha akiwa amechoka hoi. Sheria ya kampuni ni kwamba mgonjwa anakaa siti za nyuma. Siku ya kwanza akafungua mlango wa mbele akapanda akafunga mkanda. Nikamwambia bibi samahani, nyuma ndo kuna nafasi. Akaniambia nyuma natapika, halafu mwanangu, mimi nyuma nimeshakaa sana utotoni. Nikaona isiwe tabu, nikawasha gari tukaondoka, na kwa miaka miwili yote aliyopanda na mimi hakukaa kwingine.

Sasa niseme ukweli wangu hata kama unaniaibisha. Sisi tuliokuja kutoka Afrika Mashariki tukikaa wenyewe kwenye nyama choma huku tuna maneno yetu kuhusu Wamarekani weusi. Wanalalamika sana, wamezaliwa kwenye nchi tajiri wanashindwa kutumia fursa, mbona mimi nimekuja na begi moja sasa hivi nina nyumba. Na mimi nilikuwa naongea hivyo hivyo. Siku moja nikajisahau nikamwambia bibi kitu cha namna hiyo, kwa upole lakini, nikasema sisi Waafrika tukija huku tunafanya kazi tu hatuna muda wa kulalamika. Hakunijibu. Kuanzia pale mpaka kliniki kimya, yaani nilisikia indiketa inavyolia.

Ijumaa akapanda kama kawaida, akaniuliza, wewe ulikujaje Marekani? Nikamwambia nilishinda bahati nasibu ya grinkadi. Akauliza, na hiyo bahati nasibu nani aliwawekea? Nikasema serikali. Akacheka kile kicheko cha kikohozi, akasema katafute 1965 kwenye hiyo simu yako ukiwa unanisubiri.

Nikatafuta, si nina masaa manne kwenye maegesho. Kumbe kuanzia 1924 Marekani ilikuwa na sheria inayogawa nafasi za wahamiaji kwa asili ya taifa, na hesabu ilipangwa makusudi ili watu wa Ulaya ya kaskazini wawe wengi. Ujerumani peke yake mwanzoni ilipewa zaidi ya nafasi 51,000 kwa mwaka. Afrika nzima ilipata elfu moja na kidogo. Yaani bara zima! Sheria hiyo ilikuja kuvunjwa Oktoba 1965, Rais Johnson akasaini pale chini ya Sanamu ya Uhuru, na miezi miwili tu nyuma, tarehe 6 Agosti, mtu yule yule na Bunge lile lile walikuwa wamepitisha Sheria ya Haki ya Kupiga Kura. Mwaka mmoja kabla, 1964, ile ya Haki za Kiraia. Zimefuatana kama mabehewa. Ukishakubali kwamba ni makosa kumbagua raia wako kwa rangi, inakuwa ngumu kuendelea kubagua mlangoni kwa asili ya mtu. Bahati nasibu yenyewe ilikuja baadae sana, kwenye sheria ya 1990, na wabunge waliokuwa wanaipigia debe wengi walikuwa wanawafikiria Wairishi, hilo nalo lilinichekesha, lakini bila ule mlango wa 1965 sijui ningepita wapi.

Alivyotoka kwenye mashine nikamwambia nimesoma. Akasema haya. Basi, hakuna la zaidi. Ila toka siku hiyo akawa ananisimulia kidogo kidogo.

Alikuwa na miaka tisa mgomo wa mabasi ulipoanza, pale watu weusi wa Montgomery walipogoma kupanda mabasi mwaka 1955. Mimi nilichokuwa najua ni kile cha kwenye mabango, Rosa Parks, mama mweusi aliyeambiwa ampishe mzungu siti ya basi, alichoka akakataa kusimama, halafu King akaongea, halafu ubaguzi ukaisha. Bibi hiyo hadithi ilikuwa inamkera. Utaratibu ulikuwa hivi, siti kumi za mbele ni za wazungu hata kama zipo wazi, na mtu mweusi analipa senti zake kumi mbele kwa dereva halafu anashuka anazunguka kupanda mlango wa nyuma. Na dereva akiamua anaondoka wakati wewe bado unazunguka. Hela kashachukua.

Hapo nikamkatisha nikamwambia bibi hilo nalijua! Kwetu Dar es Salaam nikiwa mwanafunzi makonda wa daladala walikuwa wanatuacha kituoni kwa sababu tunalipa nusu nauli, unaning'inia mlangoni konda anakuondoa vidole kimoja kimoja. Akanisikiliza vizuri tu, akauliza, sasa mlikuwa mnafanyaje? Nikasema siku nyingine navua shati la sare naliweka kwenye begi napanda kama mtu mzima, nalipa nauli kamili. Akasema ehee. Akanyamaza. Tumefika taa za pili ndo nikaelewa kwa nini amenyamaza, mimi nilikuwa na shati la kuvua.

Kwanza Rosa Parks hakuwa wa kwanza kukamatwa. Machi 1955, miezi tisa kabla yake, msichana wa miaka 15 anaitwa Claudette Colvin alikataa kuachia siti, polisi wakamkokota wakamtoa. Viongozi wa watu weusi wakamuangalia wakaona bado mtoto, ana hasira, baadae akapata na mimba, wakasema huyu hatafaa kuwa sura ya kesi. Bibi hilo lilikuwa linamuuma mpaka leo, alisema walimuonea haya mtoto wa watu. Lakini kesi iliyokuja kuua ubaguzi wa mabasi kisheria haikuwa ya Parks, ilikuwa kesi ya wanawake wanne, Aurelia Browder, Susie McDonald, Mary Louise Smith na huyo huyo Claudette, wakili wao Fred Gray alikuwa kijana wa miaka 25 tu. Desemba 2021 tukiwa barabarani redio ikatangaza kwamba jaji hapa hapa Montgomery ameagiza rekodi ya kukamatwa kwa Claudette ifutwe, mama wa watu ana miaka 82. Bibi akazima redio. Akasema miaka 66 wamekaa na karatasi ya mtoto kwenye kabati.

Kilichonishangaza mimi zaidi lakini, kwa kuwa ni dereva, ni usafiri. Watu husimulia hotuba, mimi nilitaka kujua watu walifikaje kazini! Parks alikamatwa Alhamisi tarehe 1 Desemba 1955. Usiku huo huo mwalimu wa chuo, Jo Ann Robinson, akaingia chuoni kwake na wanafunzi wawili wakakesha kwenye mashine ya saiklostaili wanatoa vipeperushi maelfu kwa maelfu, asubuhi vikasambazwa mashuleni, saluni, kwenye mabaa, kila mahali. Jumatatu mabasi yakapita matupu. Robo tatu ya abiria walikuwa weusi kwa hiyo kampuni ikaanza kuumia siku ile ile. Na walichoomba mwanzoni kilikuwa kidogo mno, madereva wawe na heshima, anayewahi akae, na waajiriwe madereva weusi kwenye njia za mitaa ya watu weusi. Hata kufuta ubaguzi wenyewe hawakuomba. Wakanyimwa hata hicho.

Mgomo ukaenda siku 381. Fikiria watu weusi wa mji mzima, kama 40,000, mwaka mzima na zaidi hakuna anayepanda basi. Teksi za watu weusi zikasema tutabeba kwa senti kumi kumi bei ya basi, manispaa wakawatishia kwa sheria kwamba bei ya chini ni senti 45. Basi wakapanga magari yao binafsi, kama 300 hivi, na vituo vya kukusanyikia asubuhi na jioni, na watu wa kupanga nani apande gari gani anaelekea wapi. Makanisa yakanunua stesheni wagoni yakaandikwa majina ya kanisa ubavuni. Bibi alisema kulikuwa na kiwanja cha maegesho mjini ndo ilikuwa stendi kuu, akaanza kunieleza utaratibu, mimi nikawa namuuliza maswali ya kidereva, mafuta nani alilipa, zamu zilipangwaje, akacheka akasema nimewasimulia wajukuu habari hizi, hakuna hata mmoja aliyeuliza mafuta.

Na polisi walijua pa kubana. King mwenyewe alikamatwa Januari 1956 akaswekwa ndani kwa kosa la kuendesha maili 30 sehemu ya 25. Maili tano! Jo Ann Robinson gari lake lilimwagiwa tindikali. Halafu wakagusa bima, kampuni za bima zikafuta bima za zile stesheni wagoni moja baada ya nyingine, na kama umewahi kuendesha Marekani unajua bila bima hilo gari ni chuma tu limepaki. Ikabidi wakala mmoja mweusi wa bima kule Atlanta awatafutie bima mpaka Lloyd's, lile soko la bima la London. Nilivyosikia hili nilipiga usukani. Miaka yote nimeona picha za watu wanaandamana wameshikana mikono, hakuna aliyewahi kuniambia kuna mtu alikaa ofisini anapiga simu Uingereza kutafuta bima.

Mama yake bibi alikuwa mfanyakazi wa ndani, anafua na kupiga pasi kwa familia ya kizungu upande mwingine wa mji. Siku nyingi alitembea. Siku nyingine yule mama wa kizungu alikuwa anakuja mwenyewe na gari kumchukua, akimuacha mbali kidogo na nyumbani, na walikuwepo wengi wa hivyo mpaka meya akalalamika hadharani kwamba wanawake wa kizungu wanaowafuata wafanyakazi wao kwa gari ndo wanarefusha mgomo. Nikamuuliza bibi, yule mama alikuwa anawaunga mkono? Akasema hapana, alikuwa hataki kufua.

Tukaja kwa Georgia Gilmore, na hapa ndo nilipozama. Huyu alikuwa mpishi kwenye mgahawa, mama wa watoto kadhaa, mnene, mdomo hauna breki. Dereva alishawahi kuchukua nauli yake akamwambia ashuke azunguke nyuma, na kabla hajafika mlangoni basi likaondoka. Kesi ya King ya kuongoza mgomo iliposikilizwa Machi 1956, Gilmore akaenda kutoa ushahidi mahakamani akaeleza yote bila kumung'unya, matokeo yake akapoteza kazi. Akaanza kupika nyumbani kwake. Kuku, nyama ya nguruwe, mboga za majani, keki za viazi vitamu, watu wanakula jikoni kwake wamebanana, King akiwemo, mikutano mingine ikawa inafanyikia hapo hapo kwenye sahani. Na kabla ya hapo alishaunda kikundi cha wanawake wapishi na wafanyakazi wa ndani wanaouza vyakula na keki, hela inaingia kwenye mgomo, inanunua mafuta na matairi. Wakakiita Club from Nowhere, yaani Klabu Isiyotoka Mahali, hivi ndo naweza kuitafsiri, kwa sababu mwanachama akijulikana anafukuzwa kazi, kwa hiyo ukiulizwa hizi hela zimetoka wapi unasema hazikutoka mahali. Wateja wengine walikuwa wazungu, wamenunua keki wamekula na hawajui wamejaza tenki la nani.

Mimi mama yangu ni mama ntilie. Amenisomesha kwa wali maharage na samaki wa kukaanga pale Buguruni, na kwenye kikundi chao cha kuzungusha hela kila wiki ndo ilipotoka hata nauli yangu ya ndege. Nilivyosikia habari ya Gilmore nikampigia siku hiyo hiyo, kule ilikuwa jioni, nikamsimulia. Akauliza hiyo keki ya viazi vitamu inapikwaje.

Kuna siku tunapita karibu na Oak Park, bustani kubwa tu, bibi akaniambia pale kwenye majani palikuwa na bwawa la kuogelea. Mwaka 1957 mtoto wa Gilmore alikatiza kwenye hiyo bustani, ya wazungu tu kipindi hicho, polisi wakampiga wakamkamata. Mama akaishitaki manispaa. Kesi ilipofunguliwa, manispaa wakaona kuliko kuchangia na watu weusi bora wote tukose, kuanzia Januari 1959 wakafunga bustani zote za mji, bwawa wakalijaza udongo, wanyama wa pale wakauzwa. Zilikaa zimefungwa mpaka 1965. Nimekaa na hili sana. Watu walikubali watoto wao wenyewe wakae miaka sita bila bembea. Siku hizi namleta mwanangu kubembea pale, na sijui nimueleze vipi hayo majani.

Gilmore alifariki Machi 1990, wakati wa kumbukumbu ya miaka 25 ya maandamano ya Selma, yale ya 1965 ya kudai haki ya kupiga kura, akiwa anawapikia waandamanaji. Chakula kikaliwa msibani kwake.

Selma yenyewe bibi hakuipenda kuiongelea sana, alisema kila mtu anaenda kupiga picha darajani, pale waandamanaji walipopigwa na polisi. Ila baba yake mdogo alikuwa anakaa kaunti ya Lowndes, katikati ya Selma na Montgomery, barabara ile waliyotembea maili 54. Watu weusi pale walikuwa kama asilimia 80 na mwanzoni mwa 1965 hakuna hata mmoja aliyekuwa kwenye daftari la wapiga kura. Sifuri. Walipoanza kujiandikisha, wenye mashamba wakawafukuza kwenye nyumba, familia zikaenda kuishi kwenye mahema kando ya barabara kuu, na usiku kuna watu wanapita na gari wanapiga risasi kuelekea kwenye mahema. Huyo baba mdogo alilala hemani na wanawe msimu mzima wa baridi.

Akaniuliza, wewe umejiandikisha? Nikaanza kujiumauma. Nilikuwa na uraia miaka miwili na zaidi, sijawahi kupiga kura hata ya diwani, nilikuwa nasema siasa zao hazinihusu nimekuja kutafuta maisha. Nikamwambia bado bibi, niko bize. Hakunisuta, alitoa tu macho dirishani. Kwa kweli bora angenitukana. Jioni nikaingia kwenye simu nikajaza, haikufika dakika saba. Novemba 2022 nikapanga foleni na kitambulisho changu, mbele yangu kuna mzee mweusi amevaa suti kamili na kofia, saa moja asubuhi, suti, kama anaenda harusini. Nikajiangalia mimi na kandambili zangu.

Sasa ile siku ya mwisho wa mgomo. Mahakama ya Juu ya Marekani iliunga mkono hukumu ya ile kesi ya wanawake wanne Novemba 13, 1956, lakini amri yenyewe ikachelewa kufika, watu wakaendelea kutembea wiki tano nyingine, na walikuwa wametembea vya kutosha mtu angesema basi inatosha. Tarehe 21 Desemba ndo wakapanda. King na wenzake wakakaa mbele, picha ikapigwa, ipo kila mahali. Hawakuachwa hivi hivi pia, ndani ya siku chache mabasi yakaanza kupigwa risasi usiku, mama mjamzito akajeruhiwa miguuni, Januari makanisa yakalipuliwa. Parks mwenyewe alishapoteza kazi na mwaka uliofuata akahamia Detroit.

Bibi asubuhi ile alipanda na mama yake. Alisema alikuwa hajalala, anawaza siti ya mbele, atakaa dirishani nyuma ya dereva, na amevalishwa gauni la kanisani. Wakapanda mlango wa mbele, wakalipa, dereva hakusema kitu. Mama yake akampita mzungu wa kwanza, wa pili, akapita siti zote kumi, mbili zipo tupu, akaenda moja kwa moja mpaka nyuma kabisa akakaa. Bibi akaanza kulia kimya kimya, mwaka mzima wametembea kwa ajili ya nini sasa. Akamvuta mama yake sketi, mama mbona tumekaa huku?

Mama yake akamwambia, mlango wa nyuma ndo uko karibu na tunaposhukia, na mimi miguu inaniuma.

Nilicheka mpaka nikapitiliza kona ya kliniki, ikabidi nikageuzie mbele kwenye sheli, bibi ananiambia mwanangu hii mashine hainisubiri.